Walinzi wa Pumzi

Usiku mmoja wa majira ya mvua, katika kijiji cha wavuvi karibu na Kalemie, mtoto wa miezi 9 alikuwa na mafua. Makamasi yalimtoka, naye alikohoa tangu siku tatu. Watu wa nyumbani walisema: «Ni mafua tu, yatapita.» Kisha wakalala.

Lakini dada yake, mwanafunzi wa darasa la tano, hakupata usingizi. Alisikia pumzi za mdogo wake: zilikwenda mbio, kama za mtu aliyepanda mlima. Akawasha taa, akatwaa saa ya baba yake, akafunua kifua cha mtoto. Akahesabu kila mara kifua kilipoinuka, mpaka dakika 1 ikaisha. Alipata 62. Akahesabu mara ya pili, akapata 60. Basi akamwamsha mama yake: «Mama, amka. Hizi si pumzi za mafua.»

Kwa nini msichana huyu aliogopa hesabu ile? Ili kufahamu, yafaa kwanza kujua njia ya pumzi, na walinzi wanaokaa katika njia hiyo.

1. Njia ya pumzi

Mtu anaweza kukaa siku nyingi bila kula. Anaweza kukaa siku chache bila kunywa. Lakini bila kuvuta pumzi hawezi kukaa hata nusu saa. Mwili unataka hewa usiku na mchana.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 mpaka 20 katika dakika 1. Kwa siku nzima hewa inayoingia kifuani mwake ni kama lita 10,000. Ukitaka kufahamu wingi huo, fikiri mapipa 50 makubwa, yale ya lita 200.

Hewa huingia puani, hupita kooni, hushuka katika koo la pumzi. Weka kidole mbele ya shingo yako: utasikia pete ngumu ngumu. Ndizo zinazoshika koo la pumzi lisifungike. Chini, koo hilo hugawanyika matawi mawili, moja kwa pafu la kuume, moja kwa pafu la kushoto. Kila tawi lina matawi madogo, na haya yana mengine madogo zaidi, kama mwembe uliogeuzwa, mizizi juu na majani chini.

Mwisho wa matawi kuna vifuko vya hewa, vidogo sana, vyenye ngozi nyembamba kupita karatasi. Katika mapafu mawili ya mtu mzima mna vifuko milioni 300 na zaidi. Kama mtu angeweza kuvikunjua vyote na kuvitandika chini, vingefunika mahali pa meta 10 kwa meta 7, yaani sakafu ya darasa kubwa. Hapo damu hukutana na hewa. Damu hutwaa oksijeni, na huacha hewa chafu itoke nje.

Kumbe hapo pana hatari. Ngozi ya tumbo, ya mkono na ya mguu ni nene. Lakini ngozi ya vifuko vya hewa ni nyembamba sana. Na hewa haiingii peke yake. Huja na vumbi, na moshi, na mikrobi. Mikrobi ni vijidudu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Huonekana kwa mikroskopi tu. Nyumba yenye mlango mwembamba hivi yahitaji walinzi. Nao wako.

2. Mlinzi wa mlango: pua

Mlinzi wa kwanza ni pua. Ndani yake mna nywele zinazokamata vumbi kubwa. Nyuma ya nywele, njia ya pua ina mikunjo yenye unyevu. Hewa inapopita hapo hupata joto na maji kidogo, na vumbi hunasa katika ute kama nzi katika asali. Ndiyo sababu ni vema kuvuta pumzi kwa pua, si kwa kinywa. Kinywa ni mlango usio na bawabu.

Watu hudharau makamasi. Lakini makamasi ni silaha. Mwaka 1922 mganga mmoja wa Scotland, Alexander Fleming, alitangaza jambo la ajabu. Alikuwa na mafua, akaweka makamasi yake katika sahani yenye mikrobi. Baadaye akaona mikrobi za namna fulani zimeyeyuka karibu na makamasi. Ndani yake mlikuwa na dawa inayotengenezwa na mwili wenyewe. Dawa hiyo imo pia katika mate na katika machozi. Fleming huyo ndiye aliyegundua penisilini mwaka 1928.

3. Ufagio usiolala

Vumbi dogo hupita pua na kufika katika matawi ya mapafu. Huko mna mlinzi wa pili. Kuta za matawi zimefunikwa na ute, na chini ya ute mna vijinywele vingi mno, visivyoonekana kwa macho. Vijinywele hivi hupiga pamoja, mara kumi na zaidi katika sekunde 1, kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja. Vyote husukuma upande mmoja tu: juu, kuelekea kooni.

Basi ute hupanda polepole pamoja na vumbi na mikrobi zilizonaswa. Ukifika kooni, mtu huutema au huumeza bila kujua. Ukimezwa, huanguka tumboni, na tindikali ya tumbo huua mikrobi nyingi. Ufagio huu hufanya kazi hata mtu akilala.

4. Kikohozi na chafya

Kama kitu kikubwa kimeingia, ufagio hautoshi. Hapo mwili hukifukuza kwa nguvu. Pua ikiwashwa, mtu hupiga chafya. Koo au matawi yakiwashwa, mtu hukohoa: mlango wa koo hufungwa, kifua hukaza, kisha mlango hufunguka ghafula na upepo hutoka mbio pamoja na uchafu.

Kwa hiyo kikohozi si ugonjwa wenyewe. Ni kazi ya mwili unaojisafisha. Lakini uchafu unaotoka kwako waweza kuingia kwa jirani. Mwenye adabu hufunika kinywa kwa kitambaa au kwa kiwiko cha mkono, hatemi mate chini, na hunawa mikono kwa sabuni.

5. Askari weupe

Hata hivyo mikrobi chache hupita walinzi wote, na kufika katika vifuko vya hewa. Hapo hapana nywele wala ufagio. Nani atapigana?

Katika damu mna chembe nyekundu na chembe nyeupe. Nyekundu ni wapagazi: huchukua oksijeni. Nyeupe ni askari. Katika tone dogo la damu lenye upana, urefu na kimo cha milimeta 1 mna wapagazi milioni 4 au 5, na askari 4,000 mpaka 11,000. Wote huzaliwa ndani ya mifupa, katika uboho.

Kazi ya askari hao ilijulikana namna gani? Mwishoni mwa mwaka 1882, mtaalamu mmoja aliyezaliwa katika nchi inayoitwa leo Ukraine, jina lake Elie Metchnikoff, alikuwa akikaa Messina, mji wa Italia kando ya bahari. Siku moja watu wa nyumba yake walikwenda kutazama michezo ya wanyama waliofundishwa. Yeye alibaki peke yake na mikroskopi. Alikuwa akitazama mtoto wa mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota. Mwili wa mtoto huyo hupitisha mwangaza kama kioo. Ndani yake aliona chembe zinazotembea.

Akawaza: «Labda chembe hizi hulinda mwili.» Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akaidunga chini ya ngozi ya vile vinyama vidogo. Asubuhi yake akatazama tena. Chembe zilikuwa zimekusanyika kuzunguka mwiba, kama siafu wanaozunguka panzi. Ndivyo alivyofahamu kwamba chembe nyeupe humwendea adui na kumla. Mwaka 1908 alipewa zawadi ya Nobel, pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Wewe nawe umeliona jambo hilo. Mwiba ukikuchoma mguuni na kubaki ndani, baada ya siku mbili mahali pale huvimba, huwa na moto, kisha hutoa usaha mweupe. Usaha ule, sehemu kubwa ni maiti za askari weupe waliokufa vitani.

Askari weupe si wa namna moja. Wako walaji wakubwa wanaokaa ndani ya vifuko vya hewa, wakizunguka kama walinzi wa zamu. Wakiona mikrobi moja au mbili, huzimeza, na vita vimekwisha; mtu hakuhisi neno. Wakiona mikrobi nyingi, hupeleka habari. Hapo mishipa midogo ya damu hupanuka, na askari wengine maelfu na maelfu hutoka katika damu, hupenya ukuta na kuingia vitani. Habari hufika mpaka kichwani, na ubongo huongeza joto la mwili. Ndiyo homa. Mikrobi nyingi hazipendi joto hilo, na askari hufanya kazi upesi zaidi.

6. Askari wenye kumbukumbu

Wako askari wengine wasiokula adui. Wao humtazama vizuri, hujifunza umbo lake, kisha hutengeneza silaha inayomfaa yeye tu, kama ufunguo unaofaa kufuli moja. Kazi hiyo huchukua siku kadha. Kwa sababu hiyo ugonjwa mpya hutulaza kitandani juma zima. Lakini vita vikiisha, baadhi yao hubaki wakikumbuka. Adui yule akirudi baada ya miaka, silaha hutengenezwa upesi, naye hushindwa kabla ya kuleta ugonjwa.

Chanjo hutumia kumbukumbu hiyo. Mganga humwonyesha askari adui aliyekufa, au aliyedhoofishwa, au kipande chake tu. Askari hujifunza bila mtoto kuugua ugonjwa mkali. Ni kama mwindaji anayemwonyesha mwanawe nyayo za chui, kabla ya kumpeleka msituni.

Watoto wadogo huchanjwa juu ya kifaduro, surua, na baadhi ya mikrobi za kichomi. Surua ina ubaya wa pekee: huwashambulia wale askari wenye kumbukumbu, ikawafanya wasahau adui wengi waliowajua zamani. Ndiyo sababu mtoto aliyepona surua huweza kushikwa na kichomi majuma machache baadaye. Katika Kongo, ugonjwa huo wa surua uliotapakaa mwaka 2019 na 2020 uliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo.

7. Adui anayejificha

Mikrobi moja ni mjanja kupita nyingine. Ni ile ya kifua kikuu. Robert Koch, mganga wa Ujerumani, aliitangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882, mwaka ule ule wa miiba ya Messina. Mikrobi hii humezwa na askari mlaji, lakini haifi. Hukaa ndani ya tumbo lake kama mwizi aliyefungiwa ndani ya ghala. Basi askari wengine huja, humzunguka, hujenga boma. Mara nyingi mwizi hubaki amefungwa miaka mingi, na mtu hana ugonjwa. Lakini mwili ukidhoofika, boma hubomoka.

Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, walifanya kazi miaka 13 kuidhoofisha mikrobi ya namna hiyo itokayo kwa ng'ombe. Mwaka 1921 mtoto mchanga wa Paris alipewa chanjo yao kwa mara ya kwanza. Ndiyo BCG, ambayo watoto wetu hupewa wanapozaliwa. Huwalinda watoto wadogo juu ya kifua kikuu kilicho kikali. Lakini haimlindi kila mtu siku zote. Mtu akikohoa majuma 2 au zaidi, apeleke makohozi yake yapimwe. Dawa za kifua kikuu humezwa kwa kawaida miezi 6. Anayeziacha katikati kwa kuwa amepata nguvu, humpa adui nafasi ya kuamka tena, pengine akiwa amezoea dawa.

8. Rafiki za adui

Walinzi wetu ni hodari, lakini tunaweza kuwadhoofisha wenyewe.

Moshi huvilegeza vijinywele vya ufagio. Tumbako hufanya hivyo kwa mvutaji, na moshi wa kuni hufanya hivyo kwa mama na mtoto wanaokaa katika jiko lisilo na dirisha. Mtoto mdogo anayeishi ndani ya moshi wa jiko hupata hatari ya kichomi karibu mara mbili kuliko mwingine.

Vumbi la mawe huharibu askari wenyewe. Katika machimbo, kama yale ya Kolwezi na Likasi, mwamba ukitobolewa hutoa vumbi dogo sana linalofika mpaka vifuko vya hewa. Askari mlaji hulimeza, lakini jiwe haliliki. Yeye hufa, jiwe hubaki, mwingine huja kulimeza, naye hufa. Mwishowe pafu hujaa makovu magumu, na makovu hayo hayaponi. Mchimbaji mwenye akili hunyunyizia mwamba maji na hufunika pua kwa kifuniko kinachofaa.

Njaa nayo hupunguza askari, kwa kuwa askari hujengwa kwa chakula: maharagwe, samaki, mayai, mboga za majani, matunda. Mtoto mchanga hupata silaha nyingine katika maziwa ya mama yake. Tena iko mikrobi ya UKIMWI, inayoua wakubwa wa askari weupe, hata jeshi zima likose maongozi. Ndiyo sababu mwenye UKIMWI asiyetumia dawa hushikwa upesi na kifua kikuu. Akizimeza dawa kila siku, jeshi lake hurudi.

9. Walinzi wakishindwa

Sasa turudi katika nyumba ile ya Kalemie.

Mafua ya kawaida hukaa juu, katika pua na koo. Mtoto hukosa raha, lakini mapafu yake hufanya kazi. Kichomi ni vita ndani ya vifuko vya hewa. Mikrobi ni nyingi, askari wengi wameingia, vifuko vimejaa maji na usaha. Hewa haina mahali pa kuingia. Vifuko vinavyobaki havitoshi, basi mtoto huvuta pumzi mbio mbio ili apate oksijeni. Ndiyo maana ya hesabu.

Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Haya ndiyo makadirio ya hatari kwa mtoto mwenye kikohozi:

Asiyefika miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
Wa miezi 2 mpaka 11: pumzi 50 au zaidi.
Wa mwaka 1 mpaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Angalia pia sehemu ya chini ya kifua. Ikibonyea ndani kila mara mtoto anapovuta pumzi, apelekwe kwa mganga. Na kama hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelala hata haamki vizuri, asingojwe hata saa moja.

Mama yule alimtazama mtoto, akaweka mkono kifuani pake. Nyanya akasema: «Mvua inanyesha, njia ni mbaya. Tungoje kuche.» Msichana akajibu kwa heshima: «Nyanya, mwalimu alisema hamsini ni nyingi. Huyu anapita sitini.» Baba akavaa koti. Mama akamfunga mtoto mgongoni, akamfunika kwa kitenge na turubai. Wakatembea saa mbili katika matope.

Mganga wa dispensari alihesabu tena, akaona kifua kinabonyea. Akampa mtoto dawa inayoua mikrobi, akamwonyesha mama namna ya kumpa asubuhi na jioni, bila kuacha kabla ya siku alizoambiwa. Akasema pia wasinunue dawa hiyo sokoni kwa kila mafua, maana haiwezi kitu juu ya mafua, na mikrobi huizoea.

Dawa iliua mikrobi nyingi. Zilizobaki ziliuawa na askari weupe, na ufagio ukasafisha njia. Siku ya tatu mtoto alinyonya kwa nguvu. Siku hiyo pumzi zake zilikuwa 38.

Mganga aliuliza: «Nani alimhesabu usiku ule?» Mama akamwonyesha binti yake, aliyesimama mlangoni, miguu yake ingali na matope.

Tangu siku ile jiko la nyumba hiyo liko nje, chini ya paa dogo la majani. Na saa ya baba hutundikwa kila jioni juu ya msumari, karibu na kitanda cha mtoto.

Maulizo

1. Kwa nini ngozi ya vifuko vya hewa ni nyembamba, na hatari yake ni nini?
2. Taja walinzi wa pumzi, tangu puani mpaka ndani ya mapafu.
3. Metchnikoff aliona nini kuzunguka mwiba?
4. Chanjo huwafundisha nini askari weupe?
5. Kwa nini mtoto mwenye kichomi huvuta pumzi mbio?
6. Nyumbani, hesabu pumzi za mdogo wako aliye mzima, akiwa amelala. Andika hesabu yake katika daftari, pamoja na umri wake.